Hizo 2,500 ni za nani?

Kuna neno moja linalotuudhi sote mtandaoni na bado tunalitumia: "inboksi". Unaona rinda kali kwa ukurasa wa mtu, unauliza bei, unajibiwa "inboksi, mrembo". Ukiingia huko, bei inategemea picha yako ya profaili, mtaa uliotaja wa kupelekewa mzigo, na kama umeandika Kizungu cha puani ama Sheng ya huku kwetu. Mimi nauza majaketi ya jinzi za mitumba, tunazikata na kuziunganisha upya, na kwa mwaka mzima nilikuwa mtu wa inboksi. Sitajitetea.

Halafu mwezi wa tatu nikaamua kuokoka. Nikaposti jaketi langu na hesabu yake yote: jinzi tatu za Gikomba 450, kitambaa cha ndani 200, zipu na vifungo 120, uzi 30, bando na picha 150, mfuko wa kufungia 50, kazi ya mikono 2,500. Jumla 3,500. Hiyo ndiyo bei, hakuna inboksi, hakuna "fungua roho". Wasee walinipigia makofi huko chini ya posti hadi nikajiona kama mtu wa maana. Mmoja aliandika kwamba watu wa mikono wameheshimiwa hatimaye.

Siku mbili baadaye nikaenda kwa fundi wangu Uhuru Market. Kutoka Mbotela huwa naenda kwa mguu, nauli naiweka. Ni mama wa makamo, ameshonea hapo tangu sijazaliwa. Ananiita mwanangu, nami namwita Mama kama vile kila mtu anamwita. Msichana wake alikuwa amemwonyesha ile posti. Hakukasirika. Alikuwa anaweka uzi kwenye cherehani, akaniuliza bila kuinua macho: "Nimeona kazi ya mikono ni elfu mbili na mia tano. Hizo ni za nani, mwanangu?"

Kwa sababu mimi humlipa 500.

Nilijikokota kurudi mtaani nikijipa majibu yote. Mimi ndiye nachora. Mimi ndiye naamka saa kumi na moja kwenda Gikomba kushindania "kamera" kabla belo halijabaki "fagia". Zikikosa mnunuzi, hasara ni yangu. Yote ni kweli. Lakini sikuandika "kuchora na hasara 2,000". Niliandika kazi ya mikono, nikazitumia mikono yake kujipatia sifa yangu. Basi nikaanza kusoma, nikitafuta watu wengine waliowahi kuweka bei wazi na bado wakaficha kitu. Ni wengi kuliko nilivyodhani, na wa kwanza wako karibu na jina la mtaa wangu.

Tuanze na mkono wenyewe. Karne ya 19, kabla ya rupia kuenea bara na kabla ya shilingi kabisa, kitambaa kilikuwa pesa kwenye njia za misafara kutoka pwani hadi Tabora na Ujiji. Hapa sisemi kwa mfano. Ulinunua chakula kwa kitambaa, ukalipa hongo kwa mtemi kwa kitambaa, ukawalipa wapagazi kwa kitambaa. Kulikuwa na kaniki ya buluu kutoka India, na kulikuwa na merikani, ile pamba nzito isiyopaushwa iliyofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na meli za mji wa Salem. Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na kitambaa kikapata jina la nchi kilikotoka. Ni kama vile sisi huita viatu fulani kwa jina la kampuni hata kama vimetengenezwa kwingine.

Kipimo chake kilikuwa mwili wa mtu. Mkono mmoja ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti, na jora zima lilikaribia yadi 30. Ukifikiria, hiyo ni bei wazi kuliko ya kwangu: kitambaa kiko mbele yenu, kiwiko kiko mbele yenu, mnahesabu kwa sauti. Swali ni moja tu, mkono wa nani? Mfanyabiashara akipima kwa mkono wa kijana mfupi na mwenyeji akataka upimwe kwa mkono wa kaka yake mrefu, hapo ndipo maneno yanaanza.

Halafu ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, 1861 hadi 1865. Pamba ya kusini ikakwama, merikani ikapungua na kupanda bei, na kitambaa cha Uingereza na cha India kikajaza nafasi. Mtu wa Unyamwezi aliyeleta pembe yake aliona tu kwamba doti alizozoea zimepungua. Mikono ilipimwa mbele yake vilevile, hakuibiwa hata kidole, lakini sababu ya bei ilikuwa ng'ambo ya bahari mbili. Na kuna jambo lililo zito zaidi. Pamba iliyokwenda kwenye vile viwanda vya Massachusetts ilichumwa na watumwa kwenye mashamba ya kusini mwa Marekani. Ikafumwa, ikapakiwa, ikaja Unguja, ikapanda bara, na huko ikatumika kununua, pamoja na vitu vingine, watu. Nilisoma hiyo mara mbili nikafunga simu.

Sasa twende Mkunazini, Unguja. Soko la watumwa la hapo lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash aliposaini mkataba aliosukumiwa na Waingereza, na kanisa kuu la Anglikana likajengwa palepale. Kabla ya hapo watu waliuzwa kwa mnada wa wazi. Dalali alitembeza mtu, akataja bei, mwingine akaongeza, na kila aliyesimama pale alisikia. Kama tunatafuta mahali Afrika Mashariki ambapo bei haikuwa na inboksi kabisa, ni hapo. Bei ilijulikana hadi mwisho, na yule aliyebeba bei hiyo kichwani hakupata hata pesa moja ya shaba.

Ninasema hivi kwa sababu sisi vijana wa mtandao tumeanza kuamini kwamba ukishaonyesha namba, umeshatenda haki. Nilikuwa mmoja wao hadi juzi.

Na hapa ndipo mtaa unaingia. Wengi wetu tunasema "Mbotela" kama vile tunasema "stage", bila kufikiria ni mtu. Mtaa umepewa jina la Tom Mbotela, diwani wa Nairobi na kiongozi wa KAU, aliyeuawa Novemba 1952, mwezi mmoja tu baada ya serikali ya mkoloni kutangaza hali ya hatari. Ofafa nayo ni Ambrose Ofafa, diwani mwingine, naye aliuawa mwaka uliofuata. Ukipita Jogoo Road unasoma orodha ya watu waliozikwa ukidhani unasoma majina ya vituo vya matatu. Tom alitoka familia ya James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka 1934, ambacho bibi na babu zetu wengi walikisoma shuleni. Ni ukoo wa Freretown, Mombasa, makao yaliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Na ile sauti ya Je, Huu ni Ungwana iliyotuamsha Jumapili kwenye redio, Leonard Mambo Mbotela, ni wa nyumba hiyo hiyo.

Kwa hivyo mimi nauza majaketi kutoka mtaa wenye jina la ukoo ambao mzee wao aliwahi kuwa bidhaa. Hilo halinifanyi mtakatifu wala mkosaji. Lakini tangu nijue, siwezi kuandika "uwazi wa bei" kwa posti halafu niende kunywa chai nikijiona nimemaliza kazi.

Wanawake ndio walioipindua hii stori ya kitambaa, na naipenda sehemu hii. Merikani na kaniki zilikuwa vazi la mtumwa pwani. Ukivaa, kila mtu anajua daraja lako. Miaka ya mwisho wa karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa wakaanza kununua vitambaa vya leso vilivyokuja vikiwa vimeshikana kwenye jora, wakakata vipande sita, wakaviunganisha vitatu kwa viwili, wakapata vazi moja pana. Neno lenyewe leso limetoka kwa Wareno. Wenye maduka walipoona hivyo wakaanza kuagiza zilizochapwa nzima, na Mombasa hadi leo kuna leso zenye maandishi "Mali ya Abdulla", alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza 1887. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, waliokuwa watumwa walikimbilia hizo kanga. Kuvaa kanga kulikuwa kusema: mimi siyo wa mtu.

Angalia nani alibuni na nani aliandikwa jina. Wale wanawake walioshona vipande sita kwa mkono hatujui hata mmoja. Jina lililobaki kwenye pindo ni la mwenye duka. Simlaumu Abdulla, alijua biashara na alichapa vitu vizuri. Ila mimi pia jaketi langu lina lebo, na lebo ina jina langu.

Hata hii ya kubandika bei moja kwa kila mtu ni mtoto mdogo wa historia. Waquaker wa Uingereza waliikubali mapema kwa sababu za dini: kutaja bei ya juu huku unajua utashuka ni kusema uongo. Paris, Aristide Boucicaut aliingia ubia wa duka la Bon Marché mwaka 1852, akaliendesha kwa bei zilizoandikwa, ukae uangalie bila kulazimishwa kununua, na ukitaka urudishe. Ilionekana kama ustaarabu mtupu. Pia ilikuwa njia ya kuuza haraka na kuajiri wauzaji wasiojua kupatana, maana bei haiko kichwani mwao tena. Lebo ilimwambia mteja atalipa ngapi. Haikumwambia mshonaji alipata ngapi, na haikukusudiwa kumwambia.

Huku Eastlands tuna historia yetu wenyewe ya mitindo ya mikono yenye nia njema, na inashangaza vile hatuizungumzi. Mwaka 1966 kanisa lilianzisha Maridadi Fabrics, Landhies Road, ili kuwapa kazi na kipato wanawake wa Pumwani na Shauri Moyo. Walichapa vitambaa kwa fremu na rangi, kwa mkono, kwenye karakana kubwa, na watalii walikuja hadi huko kununua. Fikiria: miaka arobaini na zaidi kabla ya sisi kuanza kuandika "imetengenezwa kwa upendo Nairobi" chini ya picha, kulikuwa na wanawake kilomita chache kutoka hapa wakifanya hiyo kitu kwa ratiba, kwa mshahara, kwa vizazi. Sisi huongea kama vile mitindo yenye maadili ilishuka na intaneti.

Na Uhuru Market yenyewe. Watu wa nje huijua kwa sare za shule, na ni kweli, Januari huwezi kupita kwa sababu ya wazazi. Lakini kabla ya hapo nguo nyingi za kawaida za Nairobi zilishonwa kwenye vibanda kama hivi: suruali, marinda, mashati ya kazi, na wanunuzi wa jumla wakizibeba hadi miji mingine. Miaka hiyo viwanda kama Rivatex ya Eldoret na Kicomi ya Kisumu vilifuma kitambaa, na fundi alinunua jora akashona. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 soko likafunguliwa, mitumba ikaingia kwa wingi, na viwanda vikaanza kuanguka kimoja baada ya kingine. Rivatex iliishia kwa wapokezi wa mufilisi kabla ya Chuo Kikuu cha Moi kuinunua mwaka 2007. Mafundi walioshona marinda ya watoto waliangalia rinda la mtumba likiuzwa kwa bei ya chini kuliko kitambaa tu. Wengi walihamia sare, kwa sababu hakuna mtumba wenye nembo ya shule yako.

Huyo Mama wangu aliniambia kitu ambacho sikuwa nimekiunganisha. Alisema bei yake ya kushona haikuwahi kupanda tangu mitumba ijae, inasukumwa tu kando kando. Kila mteja anayekuja anamwambia: "Na Gikomba napata kwa mia mbili." Sasa mimi naja na jinzi hizo hizo za Gikomba zilizomnyima soko, namwomba azishone zikawe jaketi la watu wa maana, na namlipa kwa kipimo cha Gikomba. Jaketi linauzwa kwa kipimo cha Instagram.

Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza lilianguka karibu na Dhaka, Bangladesh, likaua zaidi ya watu 1,100, wengi wao wanawake waliokuwa wakishona nguo za maduka ya Ulaya na Marekani. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku iliyotangulia, na wafanyakazi wa viwanda vya nguo bado waliambiwa warudi kazini. Baada ya hapo ndipo vuguvugu la Fashion Revolution lilipoanza kuwauliza wenye brandi swali moja, ni nani aliyeshona nguo zangu, na kuwapanga makampuni kwa kiwango cha uwazi. Swali zuri sana. Kwa vifusi vya Dhaka, watu walitafuta lebo ili kujua ni kampuni gani zilikuwa zikishonewa mle ndani, kwa sababu kampuni nyingine zenyewe hazikuwa na jibu la haraka.

Huko San Francisco kulikuwa tayari na Everlane, iliyoanza kuuza 2011 kwa kuonyesha mchanganuo wa bei: kitambaa, vifungo, kazi, ushuru, usafiri, halafu faida yao. Ni wao tuliowaiga, hata wale ambao hatujawahi kusikia jina lao. Niliuangalia ule mchanganuo vizuri baada ya swali la Mama, nikaona kitu. "Kazi" ni mstari mmoja. Ni pesa kampuni iliyolipa kiwanda kwa kazi ya nguo moja. Kutoka hapo hadi mfukoni mwa mshonaji kuna mwenye kiwanda, meneja, stima, na mengine. Siyo uongo. Ni mlango ulioandikwa "wazi" na ndani kuna mlango mwingine.

Nairobi nayo iliguswa. Mwaka 2009 mradi wa Umoja wa Mataifa unaoitwa Ethical Fashion Initiative ulianza kuunganisha mafundi wa hapa na brandi kubwa za Ulaya, na Vivienne Westwood akaanza kuuza mikoba iliyotengenezwa Nairobi, mabango ya zamani ya barabarani, mabaki ya ngozi, shaba iliyoyeyushwa kutoka kufuli na vyuma vichakavu. Kaulimbiu yao ilikuwa kwamba huu siyo msaada, ni kazi tu. Naipenda hiyo kauli kuliko nyingi za wafadhili, kwa sababu kazi ina bei na unaweza kuidai. Msaada ukiudai unaitwa huna shukrani.

Kuna mtu atasema, sasa tuache kupatana, kila kitu kiwe na lebo kama supamaketi. Nilikuwa nafikiria hivyo. Halafu nikasoma Mary Njeri Kinyanjui, mtafiti aliyefanya kazi miaka mingi Chuo Kikuu cha Nairobi akiwafuata wauza nguo na mafundi wa jiji hili. Yeye anaona masoko yetu yana mfumo wao wa utu: unapatana kwa sababu mnajuana, leo unapunguziwa, kesho unaletea mwenzako mteja, mtoto akifiwa mnachanga. Nakubaliana naye nusu. Nusu nyingine ni hii: kupatana ni utu pale ambapo nyote wawili mnajua gharama. Nikimpatana Mama kutoka 700 hadi 500 huku nikijua nitauza 3,500 na yeye hajui, hapo utu umebaki kwa salamu tu. Katiba ya 2010, ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa. Mteja wangu analindwa na katiba nzima. Fundi wangu alijua bei ya kazi yake kupitia simu ya msichana wake.

Basi hesabu. Jaketi moja linamchukua siku mbili, kwa sababu jinzi ni nzito na viungo ni vingi. Shilingi 500 kwa siku mbili ni 250 kwa siku. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi akishona zangu tu, ni 6,500. Agizo la mishahara la Mei 2022 liliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida Nairobi kuwa 15,201 na senti zake kwa mwezi, na huyo ni kibarua asiye na ujuzi, hajaweka cherehani yake, hajalipia kibanda. Nikarudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea mahali. Ili afike tu hapo kwenye kima cha chini ilibidi nimlipe 1,200 kwa jaketi, na mimi nibaki na 1,300 kwa kuchora, Gikomba, na zile ambazo hazinunuliwi. Bei ya mteja haibadiliki hata shilingi.

Nilimpelekea hiyo karatasi nikijiona mkombozi mdogo. Aliisoma yote, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Akasema 1,200 ni sawa, lakini kuna kitu sikuandika.

"Gani, Mama?"

"Siku."

Sikuelewa. Akafungua daftari lake la madeni, lile la mistari lenye jalada jekundu, akanionyesha. Majaketi ya Januari nililipa Februari katikati. Mawili ya Februari nilikuwa nimelipa moja. Alikuwa ameandika kila tarehe niliyochukua na kila tarehe niliyotuma M-Pesa, kwa mwandiko safi, bila kelele. "Ungenilipa mia tano siku ileile ningekuwa nimekopa kidogo kuliko elfu moja na mia mbili ya mwezi ujao," akasema. "Uzi nakopa. Stima nakopa. Riba hiyo iko kwa jaketi lako, hukuiandika."

Kwa miaka yote hii nimesoma michanganuo ya bei ya brandi za nje, na sikumbuki hata moja niliyoiona yenye mstari wa tarehe ya malipo.

Nikamwambia basi nitaposti upya, hesabu ya kweli, fundi 1,200, analipwa siku ya kuchukua. Nilidhani atafurahi. Akakataa. Anapokaa mwenye nyumba yuko mtandaoni, ndugu wako mtandaoni, kanjo wako mtandaoni, na wateja wake wa sare wakiona analipwa 1,200 kwa nguo moja watauliza kwa nini sketi ya shule ni bei ile. "Wewe uwazi unakuletea wateja," akasema. "Mimi utaniletea nini?"

Hiyo sijaisoma kwenye kitabu chochote, na nimeifikiria kuliko merikani. Namba yangu ikijulikana napata sifa. Ya kwake ikijulikana anapata wageni. Nilikaa pale nikimtazama akikata nyuzi kwa meno, kisha nikamuuliza tufanye aje.

Tulikubaliana hivi. Ile posti ya mwezi wa tatu nimeirekebisha, sikuifuta, na nimeandika juu kabisa kwamba mstari wa kazi ya mikono ulikuwa na pesa zangu 2,000 ndani. Mstari wa fundi sasa unasema "kima alichopanga fundi mwenyewe, kimelipwa siku ya kuchukua", bila namba. Mstari wangu una namba, 1,300, na chini yake nimeandika zinakwenda wapi. Atakayehesabu atapata ya fundi kwa kutoa, najua, na yeye anajua. Alisema mtu mwenye bidii ya kutoa hesabu huyo hamsumbui. Jina lake halipo. Ndani ya kola, mahali ambapo mteja haoni hadi avae, amekubali kushona alama yake, msalaba mdogo wa uzi mwekundu, ambao alisema alikuwa akiuweka kwenye marinda zamani kabla ya mitumba ili akikutana nayo mjini ayajue.

Watu watatu wameniandikia kwamba nilidanganya na wanataka kujua kama walinunua uongo. Nimewajibu hadharani, siyo inboksi. Mmoja amerudisha jaketi. Liko hapa kejani, saizi ya kati, bila ule uzi mwekundu, na Jumamosi nalipeleka Uhuru Market aliwekee.